Uso Uliopauka Siku ya Kipaimara

Nipake au nisipake? Swali hilo lilininyima usingizi juma zima. Kwenye mkoba nilikuwa na tyubu ya krimu niliyopewa na rafiki yangu Upendo. Haikuwa na jina la kiwanda, na maelekezo yake yalikuwa yamefutika. "Siku tatu tu, utasahau kama uliwahi kuwa na chunusi," aliniambia. Usaili wangu wa kwanza tangu nimalize chuo ulikuwa Jumatatu, katika ofisi moja ya Njiro, na kidevu changu kilikuwa kimefumuka. Nikawaza, wakiniona hivi watadhani sijui kunawa. Nikawaza tena, nikienda na uso ulioungua watadhani nini? Mimi huweza kuwaza jambo mpaka likachoka lenyewe.

Ndipo nikamkumbuka mama.

Najua mtu wa miaka ishirini na tano akisema "enzi zetu" anachekesha. Lakini sisi tuliokulia Poli, kwenye miteremko ya Meru, tulikuwa nazo. Mwezi wa saba ukungu ulishuka hadi kwenye migomba, upepo wa mlimani ukapasua midomo, na kila asubuhi mama alitupanga mlangoni akiwa na kopo la mafuta ya mgando. Alichota kwa vidole viwili, akasugua paji, mashavu, masikio na shingo, mpaka macho yakajifumba. Tulikwenda shule tunang'aa kama maandazi yaliyotoka kwenye karai. Tukicheza rede, vumbi lote la uwanja lilinata usoni mwetu, na jioni tulikula loshoro, yale mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, huku bado tunanukia mafuta. Mtoto aliyepauka alikuwa aibu ya mama yake. "Watasema hana mwenyewe," mama alizoea kusema, akiongeza kidole kingine.

Nilipofika darasa la saba, chunusi zikaja. Wavulana wakaniita Fenesi. Bibi akasema ni karanga. Jirani akasema nimeanza kupenda, nikauchunguza moyo wangu siku nne nisimwone mtu. Nilipaka dawa ya meno, nikapaka limau, nikapaka hata mate ya asubuhi. Nikazitumbua mbele ya kioo. Mama, kwa huruma, akazidisha mafuta.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imefungua biashara ya nje. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni kwa kipande kimoja cha sabuni ya mche. Ghafla maduka ya Ngarenaro yakajaa mikebe na tyubu za kila nchi, na shangazi yangu akawa mmoja wa wauzaji. Akaniletea tyubu yenye picha ya mwanamke mwenye shavu kama yai. Nikaipaka kwa siri. Baada ya wiki mbili uso ulilainika, ukaanza kuwa mweupe, hata walioniita Fenesi wakanyamaza. Tyubu ilipokwisha uso ukawasha, ukaiva, na chunusi zikarudi pamoja na ndugu zao. Kipaimara kilikuwa kimebaki wiki tatu.

Mama hakunichapa. Alinishika mkono tukateremka hadi zahanati. Daktari, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliitazama ile tyubu akasema krimu za namna hiyo huzificha chunusi huku zikiichosha ngozi, na ukiziacha zinarudi kwa hasira. Kisha akamgeukia mama.

"Na wewe mama, unampaka nini usoni?"

"Mafuta, daktari. Kila asubuhi. Namtunza."

"Unamkaanga, mama."

Akaeleza taratibu kwamba umri ule ngozi hutoa mafuta yake yenyewe, vitundu vyake vikaziba, na ukimpaka mtoto mengine mazito unazidi kuviziba. Akasema ninawe mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, nisitumbue maana makovu hayana haraka ya kuondoka, nipake dawa aliyotupa, halafu nisubiri miezi, siyo siku. Karanga za bibi hazikutajwa.

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa amenishika mkono. Nilijua anachowaza. Siku ya kipaimara usharika mzima hutazama mtoto wa nani ametunzwa vipi.

Siku ilipofika tulipanga mstari mbele ya kanisa kwa magauni meupe, nyuso zote ziking'aa, isipokuwa wangu. Ulikuwa mkavu, una vipele, umepauka kama jivu. Mama mmoja wa kwaya akauliza kwa sauti ya kusikika, "Mama Elirehema, leo mafuta yameisha kwako?"

"Yapo," mama akajibu. "Nimeyaacha kwenye kopo."

Akanyoosha kola yangu, akaja kusimama karibu nami tupigwe picha.

Siku hizi wadogo zetu wanapaka tabaka tano za krimu kabla ya kwenda dukani kununua chumvi, na ukiwauliza za nini wanakuonea huruma. Siwacheki sana. Sisi tulikuwa na kopo moja na mtu wa kulifunga. Wao wana rafu nzima, na mara nyingi wanachagua peke yao.

Ijumaa niliitumbukiza tyubu ya Upendo chooni, nikaenda zahanati kuchukua dawa ya kusubiri. Jumatatu nikanawa, nikajifuta, nikaenda Njiro na uso mkavu na kidevu changu kilivyo. Kwenye mkoba, mahali palipokuwa na tyubu, nilikuwa nimeiweka ile picha: mama anang'aa, mimi nimepauka, na mkono wake uko begani kwangu.