Jiko la Bibi Zuwena

Nyie wa rika langu mliokulia Sur, huku Omani, enzi tulipokuwa tukicheza mdako kwa kauri za pwani, mtanielewa nikisema wiki nzima iliyopita sikukalika. Nyumbani kwangu Nizwa nilikuwa kama kuku anayetaka kutaga. Nikianza kupanga kabati, naliacha wazi. Nikimimina chai, inapoa. Mwishowe mume wangu aliniambia niende zangu Sur, angalau yeye apate kupumzika.

Kisa ni jiko. Nyumba yetu kubwa ya pwani, aliyoijenga baba wa babu kwa mali ya biashara ya Unguja, inatengenezwa iwe makumbusho. Nani asingefurahi? Lakini mhandisi wa matengenezo, kijana mpole kutoka Ibra, anataka nyumba irudi kama ilivyokuwa mwanzo, na jiko la ghorofani halikuwapo mwanzo. Alilijenga bibi yetu, Bibi Zuwena, aliporejea kutoka Unguja na watoto na mabegi. Kwa hivyo livunjwe. Kaka yangu Seif, mkubwa wetu na msemaji wa warithi wote, akakubali bila ya kuniuliza.

Nakumbuka tulivyofika pale, wadogo, tunashangaa mlango wa msaji ulionakshiwa ambao ulihitaji watu wazima wawili kuufungua. Jiko la chini lilikuwa la mke wa kaka yake babu, naye alisema harufu ya nazi inamtia maumivu ya kichwa. Bibi hakugombana naye. Kwao Mjini Unguja majiko yalikuwa juu, karibu na upepo, basi akaita fundi, na Ramadhani ilipoingia moshi wake ulikuwa ukipita juu ya vichwa vya wote.

Pale juu ndipo tulipokulia. Nazi zililetwa kutoka Salala, tukigombania kukalia mbuzi ili tuzikune, na aliyekuna ndiye aliyelamba kifuu. Kulikuwa na seredani mbili za mkaa, na ukuta mweusi kwa masizi ambao ukiuegemea, nguo ya shule imekwenda. Muuza samaki akipita chini Bibi alimteremshia kikapu kwa kamba kutoka dirishani, na akimpandishia samaki aliyelala, kikapu kilirudi chini na samaki wake pamoja na maneno yaliyosikika mpaka ng'ambo ya khor, ule mkono wa bahari. Watoto wa leo tui wanalijua la pakiti. Binti yangu Thuraya siku moja aliuliza mbuzi ya nazi ni ya kufanyia mazoezi ya mguu gani.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Mwalimu wetu, Mmisri, alitusimamisha tusome, na darasa zima likacheka Kiarabu chetu. Aibu ile ilitufunza mbio. Haukupita mwaka tukawa tunagombana kwa Kiarabu hata tunapocheza, na Bibi akasikia. Jioni moja alisimama juu ya ngazi, mwiko mkononi, akatuzuia.

"Viatu na Kiarabu viacheni chini. Huku juu ni kwangu."

Na alikuwa hatanii. Ukisahau ukatamka neno moja la Kiarabu juu ya ngazi ile, unateremshwa mpaka mlangoni, uanze kupanda upya, hata kama samaki wa kupaka ameshapakuliwa na mkate wa kumimina unatoka moshi. Seif aliteremshwa kuliko sote. Alikuwa na njaa na alikuwa na mdomo, na vitu hivyo viwili havikumsaidia. Kufika mbele ya Bibi, ulimi ulikuwa umeshageukia Kiswahili wenyewe.

Jumamosi nikaondoka na Thuraya. Garini nilipakia mbuzi, seredani, nazi na changu wawili. Sikuwa na mpango wowote, ila nilijua sitaweza kusimama tu nikiangalia. Mhandisi alitupokea kwa adabu, Seif yuko ubavuni mwake, akatuonyesha boriti za dari. Za mikoko, akasema, zimetoka Afrika, hizi ni turathi, hazitaguswa. Damu ilinichemka. Boriti zilizotoka kule zina heshima yake, na watu waliotoka kule jiko lao livunjwe! Nikamwacha na Seif na boriti zao, Thuraya akabaki ndani ya gari na simu yake, nikapanda juu, nikawasha mkaa.

Harufu ya tui haina siri. Nilimsikia Seif chini akifoka kwa Kiarabu, kile Kiarabu chake cha ofisini Maskati: moshi huu wa nini, mbele ya wageni, mwanamke huyu ananiaibisha. Akaja, mhandisi nyuma yake. Chini ya ngazi alivua ndara bila ya kuziangalia. Akapanda anafoka. Na alipofika juu ilikuwa hivi:

"Weye mwanamke weye, n'shakwambia jambo hili lishakwisha! Na hilo tui unaliacha bila ya kulikoroga? Litakatika hilo."

"Halikatiki," nikamwambia. "Bibi alinifunza mimi, si weye. Weye ulikuwa chini mlangoni."

"N'lionewa."

"Hukuonewa. Ulikuwa na mdomo."

Tukagombana pale, mwiko ananinyang'anya, mpaka mhandisi akakohoa. Alikuwa amesimama na viatu vyake, akamuuliza Seif kwa Kiarabu, taratibu, "Ammi, kwa nini umebadilisha lugha katikati ya ngazi?"

Seif alitazama miguu yake mitupu. Akamweleza yote, habari ya Bibi na mwiko na viatu. Mimi nililia wazi, wala sikusingizia moshi. Mhandisi akarudi akaiangalia ngazi, akasema kweli jiko ni changa mbele ya nyumba hii, lakini bila ya jiko ngazi hii haielezeki, na msemaji wa warithi akitaka libaki, yeye atalisimamia kwa wakubwa wake.

"Libaki," akasema Seif, kwa Kiswahili. Ikabidi mimi nimtafsirie mhandisi.

Tukatandika mkeka. Nikamwita Thuraya aje ale, naye akaja anapiga hatua, simu sikioni, visigino vinagonga. "Viatu!" akanguruma Seif, vilevile kama Bibi. Mtoto wa watu akashtuka, akakata simu, akateremka, akavivua na kuvipanga kwa adabu kando ya ndara za mjomba wake. Kisha akapanda, akaketi, akauliza kwa Kiarabu chakula hiki kinaitwaje.

Nilimtazama Seif. Seif akatazama sahani. Enzi zetu angeteremshwa mpaka mlangoni, samaki apoe. Jiko limepona na bado sikaliki, kwa sababu hakuna kati yetu aliyemteremsha. Tulimsogezea mkate, mhandisi akamkaribisha, Seif akamjibu lile swali lake, mimi nikamwongezea tui. Tukala mpaka tukamaliza, jikoni kwa Bibi, sote kwa Kiarabu.