Jiwe Lililochimbwa kwa Ndani

Ipo siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, miaka ile ya hamsini, nimerudi Ifakara kutoka Kampala na diploma yangu ya ujenzi. Nilijisomesha mwenyewe kwa kubeba magunia bandarini Dar es Salaam. Hakuna aliyenichangia hata kalamu. Nasema hivyo ujue unaongea na nani.

Nilikwenda Kivukoni, ile ya kwetu huku kando ya mto, na mjomba wangu, ndiye aliyekuwa mshenga, kumposa Theresia. Baba yake alikuwa mvuvi, tena mpenda ugoro, kwa hiyo nilimpelekea kichupa cha ugoro cha Kichina, cha kale, cha jiwe la kijani, nilichokipata kwa muuza vitu vya zamani. Kwenye kizibo kulikuwa na kijiko chembamba kama njiti. Ubavuni alichongwa samaki.

Mzee alikigeuzageuza.

"Samaki gani huyu? Ana magamba, basi si kambale. Ana sharubu, basi si perege."

"Ni wa huko kwao, mzee," mjomba akasema.

"Hilo naliona." Akachungulia mdomo wa chupa, ambao punje ya hindi ingepita kwa shida. "Tumbo pana, mlango mwembamba. Jiwe hili walilichimbaje ndani?"

Mjomba akadakia, "Muulize huyu, mzee. Ana diploma. Hakuna asichokijua."

"Basi aseme. Binti yangu sitampa mtu wa kunidanganya."

Mwanangu, neno "mashine" lilikuwa limeshafika ulimini. Wote wangeliamini. Lakini mimi diploma sikuipata kwa kubahatisha. Nikasema, "Sijui, mzee. Nipe muda nijue."

Mjomba akanikanyaga mguu. Ndani wanawake wakacheka. Mzee akafunga kizibo: "Posa isubiri jibu."

Nikatafuta mawe laini, nikavunja mengi. Msumari ulitoboa kwenda chini tu, haukupanua. Nikapinda waya, nikatia mchanga na maji, nikawa nazungusha kila jioni. Kumbe mchanga ndio unaokula jiwe. Waya unausukuma tu pembeni. Masika yakaja, maji yakafunika mashamba, nami bado nazungusha. "Wenzako wanaoa wake," mjomba akaniambia, "wewe unaoa jiwe."

Jiwe nililolichimba mwenyewe na kumpelekea mzee mwishowe lilikuwa baya kama kiazi, lakini tumbo lake lilizidi mdomo. Akaingiza unyoya wa kuku, akapekua kila upande.

"Sijui kama Wachina walifanya hivi," nikamwambia, "ila hivi inawezekana."

Akacheka, akamwita mkewe. "Mama Theresia, huyu ni wetu. Ila nyumba asijenge kwa waya, tutazeeka."

Basi nakuambia, mwanangu, mimi mwenye diploma: usiogope kusema hujui mbele ya watu unaotaka wakuheshimu. Lakini usiseme hujui ukaenda kulala. Litafute jibu mpaka ulishike mkononi, na ukilipata, sema pia linapoishia.

Mungu akupe macho ya kuuliza na mikono ya kutafuta, akujalie na wakwe wenye subira.