Mama Naliaka na Kengele ya Saa Saba

Alizaliwa mwaka 1959 huko Bumula, magharibi mwa Kenya, msimu wa palizi, na ndiyo maana akaitwa Naliaka. Jina lilimfaa, kwa maana gugu likiota mbele yake hakulipita. Aliolewa na Obuya, fundi seremala, wakahamia Uthiru, pembezoni mwa jiji, na kwa miaka ishirini na miwili alifua na kupika katika nyumba za matajiri wa Lavington. Jumapili aliongoza rozari ya jumuiya. Hakuwa mpole sana, tuseme ukweli.

Mwaka 2017 figo zake zilishindwa kazi, akawa anakwenda mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine katika hospitali moja ndogo ya Kileleshwa. Hapo palikuwa na desturi iliyopendwa na wote: saa saba mchana wauguzi walipanda ghorofani kwa ibada ya nusu saa, wakawaacha wagonjwa sita peke yao na mashine. Naliaka naye aliipenda, akiitikia nyimbo kutoka kitandani. Siku moja ya Machi 2019, wimbo ukiwa umekolea, Mzee Maina wa kitanda cha pili alinyamaza katikati ya maneno, macho yakampinduka. Naliaka alibonyeza kengele. Hakuna aliyekuja. Akabonyeza tena, na juu wakaimba haleluya. Ndipo akagonga chuma cha kitanda kwa kikombe cha bati, akipiga mayowe, hadi Oduor, mlinzi wa lango, akakimbia kumwita muuguzi. Mzee Maina aliponea chupuchupu.

Wengine wangeshukuru na kunyamaza. Naliaka alimwandikia mkurugenzi, na mwezi ulipopita bila jibu, akaipeleka barua mwenyewe katikati ya jiji kwa maofisa wa serikali wanaosimamia hospitali, bandeji ingali mkononi. Hapo majaribu yakaanza. Wagonjwa wenzake walimsihi aiondoe, wakihofia hospitali ikifungwa watakosa pa kwenda. Muuguzi Debra, mwanakwaya wa jumuiya yake mwenyewe, alimkabili baada ya misa, watu wakisikia.

"Mama, kweli wewe ni wa kupigana na maombi?"

"Sipigani na maombi, Debra. Mungu anaweza ngoja wimbo uishe. Maina hangeweza."

Alivuliwa uongozi wa rozari. Ilimuuma, akalia wiki nzima, lakini barua hakuiondoa.

Mwezi Juni wakaguzi waliingia saa saba kamili, wakakuta wagonjwa sita na muuguzi hakuna. Hospitali haikufungwa. Iliamriwa tu kwamba chumba kile kisikose muuguzi hata dakika moja. Na wa kwanza kujitolea kubaki wakati wa ibada alikuwa Debra! Alivuta kiti katikati ya vitanda, akamwomba Naliaka msamaha, kisha akamwomba aanzishe wimbo. Siku hiyo sauti za wagonjwa ziliwashinda wa ghorofani.

Naliaka alifariki kwa amani Uthiru, Februari 2024. Msalaba mbele ya jeneza ulibebwa na Mzee Maina, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Wagonjwa husimulia kwamba tangu barua ile kengele ya chumba kile haijawahi kulia mara ya pili kabla muuguzi hajafika, nao huuita muujiza wa Mama Naliaka. Nasi tumwige: tukisikia kengele ya mgonjwa tuinuke, hata kama amina haijatamkwa.