Kofia ya Bibi yake Jingchu

Kama kuna mtu aliyeujua upweke wa wanafunzi wa Kichina katika ule mji mdogo wa chuo huko Indiana, ni Shen Peilan. Alikuja kumfuata mume, mume akafa, yeye akabaki. Chuo kikampa kazi ya kuwapokea wageni uwanja wa ndege, kuwapeleka kununua sufuria za umeme za kupikia wali, na kuwaonya kwamba Mmarekani akikuambia njoo siku moja tule, hajakualika, usikae ukimngoja. Walimwita Shangazi, na walimdekea kweli kweli.

Aliyemdekea zaidi ni Zhuo Jingchu, kijana aliyelelewa na bibi yake huko Hunan. Mwezi wa kumi mama yake Jingchu akampigia Peilan simu, analia.

"Dada Peilan, bibi ametutoka. Nakuomba usimwambie mtoto, ana mitihani. Akija likizo tutamweleza wenyewe."

Kwao ndivyo ilivyo: aliye mbali hupelekewa habari njema tu, mbaya wanabaki nazo waliopo nyumbani. Peilan mwenyewe aliambiwa habari za kifo cha baba yake maziko yakiwa yamepita zamani, na hasira ile haijamtoka hadi leo. Hata hivyo akakubali. Woga tu, hakuna jina jingine.

Tangu hapo Jingchu akawa anakonda. Jumapili, wenzake walipojaa kwa Shangazi kukunja maandazi ya nyama, yeye haonekani. Peilan naye, aibu ikimkaba, hakumfuata. Mitihani ilipokwisha, kijana akamwomba wakamchagulie bibi zawadi.

"Bibi ana kichwa kidogo," alisema dukani, akigeuzageuza kofia nyekundu ya sufu. "Hii si itammeza, Shangazi?"

Peilan akashindwa kuvumilia.

"Jingchu, irudishe hiyo kofia. Bibi yako..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kila nikipiga simu naambiwa amelala. Bibi yangu mimi? Anayesema usingizi ni wa wavivu? Nilijua zamani."

"Sasa kofia ya nini, mwanangu?"

"Nikirudi mikono mitupu, Mama atajua kwamba nimejua. Ataanza kujilaumu. Acha aniambie akiwa tayari."

Miezi yote hiyo Peilan alikuwa akimhurumia kwa kuwa hajui, kumbe mwenzake alikuwa akiomboleza peke yake chumbani, na mtu wa kumfariji ndiye aliyekuwa akimkwepa. Ilimuuma sana.

Simu ya Jingchu ikaita. Mama yake. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, akatabasamu, akainua kofia mbele ya kioo cha simu.

"Mama, unaonaje? Itamtosha Bibi?"

Upande wa pili mama akaisogelea simu, akaitazama ile kofia.

"Itamtosha," akasema. "Tena ndiyo rangi anayoipenda. Nunua."