Kamba Mbele ya Kiti cha Baba Mkwe

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, hapa hapa Mpuguso. Sikuwa na homa wala sikuota.

Baba mkwe wangu alikuwa mpiga tarumbeta wa zile bendi za jazz za zamani. Enzi hizo redio ilikuwa moja, na nchi nzima ilimjua. Jina lake sitakutajia. Mimi ni mkamwana wake, na kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtaji baba mkwe jina, hali naye, hamtazami usoni. Akija kwa njia hii, wewe unaingia migombani mpaka apite.

Miaka tisa tuliishi kaya moja, na ukiniuliza alikuwa na sura gani, nitakujibu: viatu. Ndiyo, viatu! Niliinamisha macho, nilichokiona ni viatu vyake vyeusi basi. Lakini usidhani hatukupendana. Kila akirudi nyumbani alipuliza tarumbeta mara tatu, fupi fupi, kule chini kwenye migomba, ili nipate nafasi ya kujificha bila kukurupuka. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alisimama nje, nyuma ya ukuta, akanipigia wimbo mzima. Nililia kitandani peke yangu. Alipofariki walimfunika shuka, kwa hiyo hata siku ile sikuuona uso wake.

Sasa, hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru. Tukuyu mjini maduka yanafunguliwa kila wiki, kila kijana ana redio kaseti begani, bendi zinakufa moja moja. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akapata mfanyabiashara aliyekitaka kiwanja chetu kwa sababu kiko barabarani. Avunje nyumba ya mzee, ajenge duka la saruji na mabati. Mume wangu alikuwa kazini mbali, na ufunguo ninao mimi. Nikamwambia shemeji, "Utaivunja na mimi nimo ndani." Nilijua anasubiri tu nichoke.

Nikaenda kwa afisa utamaduni. Akasema nyumba ikiwa makumbusho hakuna wa kuigusa, yeye atakuja Jumatano kukagua. Nipange vitu vizuri, nifunge kamba mbele ya kile kiti cha mianzi alichokuwa anakalia mzee, mtu asikikalie. Nikafanya yote. Tarumbeta nikaliweka mezani, viatu vyake nikavipiga rangi nikavipanga chini ya dirisha. Picha yake ya ukutani niliipangusa vumbi nikiwa nimegeuza shingo, niamini.

Jumanne alasiri mvua inanyesha, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, namalizia kupiga deki. Nikasikia hodi. Mzee mmoja, koti limelowa chapachapa, miguu peku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naweza kuangalia?"

Nikamkaribisha. Nikamtazama usoni moja kwa moja, kama ninavyokutazama wewe. Kwa nini nisimtazame? Si mgeni? Uso mpana, macho yamechoka, na kwenye mdomo wa juu ana alama ya mviringo. Nikaanza kumweleza kwa majivuno yangu yote: hiki ni hiki, kile ni kile. Alisikiliza kwa adabu. Alipofika kwenye viatu alisimama muda mrefu, halafu akageukia kiti.

"Naomba nikae kidogo, mwanangu. Nimetembea sana."

"Hapa hapakaliwi, baba. Huoni kamba? Kesho nina mkaguzi, na wewe umelowa."

"Kidogo tu."

"Hapana."

Akauliza taratibu, "Na mwenyewe akija, atakaa wapi?"

Ulimi wangu huu! Nikamjibu, "Mwenyewe amekufa, baba. Wafu hawakai kwenye viti."

Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Alitikisa kichwa tu, akasema, "Ndaga, mwanangu, asante. Umeitunza vizuri nyumba." Akatoka kwenye mvua, nami nikaenda uani kusuuza tambara la deki.

Haikupita hata dakika mbili nikasikia tarumbeta kule migombani. Mara tatu, fupi fupi. Unajua nilifanya nini? Nilikimbia kujificha! Miguu yenyewe ilinipeleka nyuma ya jiko, nikachuchumaa, nimefunika uso kwa khanga. Ndipo nikajiuliza: namkimbia nani?

Nikarudi ndani. Tarumbeta lipo mezani. Sakafu aliyoikanyaga kwa miguu ya matope haina tope wala alama ya mguu. Nikakumbuka tulimzika bila viatu. Kwa mara ya kwanza maishani nikaitazama ile picha, na ule mdomo, na ile alama ya tarumbeta. Nilitoka mbio kwenye mvua nikaita, "Baba! Baba, rudi ukae!" Nilifika mpaka barabarani. Hakuna mtu.

Jumatano afisa alikuja, akasifu, barua ikatoka. Shemeji akanywea. Nyumba imesimama mpaka leo, wageni wanatoka hata Dar. Kamba nilikuwa nimeikata Jumanne ile ile. Afisa aligomba, nikamwambia atafute mwanamke mwingine wa kuitunza nyumba. Mvua ikianza kunyesha naacha mlango wazi, natandika kitambaa kikavu kwenye kile kiti, nakaa jikoni kusikiliza. Mwaka wa kwanza nilisikiliza kwa matumaini. Sasa nasikiliza tu kwa mazoea, na moyo unaniuma vile vile. Mume wangu ananiambia nisahau. Ningekuwa naweza si ningekwisha sahau?

Basi na wewe unayetaka kuihifadhi nyumba ya mpendwa wako, ihifadhi, ni jambo jema. Lakini ukimtia mtu kwenye kumbukumbu usisahau kwamba alikuwa anachoka. Akija mgeni usiyemjua akaomba kukaa, mpe nafasi kwanza, maswali baadaye. Mimi nilisubiri miaka tisa kuuona uso wa baba yangu, na siku nilipouona nilimwambia hapana.