Hukumu Isiyokuwa na Mshindi

Mama na mdogo wake waligombea shamba la mpunga aliloliacha babu kule Mchombe. Mama aliolewa Ifakara mjini. Mama mdogo alibaki kijijini, akalilima shamba miaka yote. Babu alipofariki mama akadai nusu yake, mama mdogo akasema aliyelihangaikia ndiye mwenye nalo. Kikao cha ukoo kikashindwa. Wakafika baraza la ardhi, mama akashinda, mama mdogo akakata rufaa Mahakama Kuu.

Siku ya hukumu nilimsindikiza mama Morogoro. Tulimkuta mama mdogo kwenye benchi la nje na wanawe wawili wa kiume.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," aliitikia, macho yake yakiwa kwenye viatu vyangu.

Jaji hakuligusa shamba, wala babu, wala mashahidi. Alisema wazee washauri wanaokaa na mwenyekiti wa baraza walitoa maoni yao, lakini maoni hayo hayakusomwa mbele ya wadaawa kabla ya hukumu. Kwa sababu hiyo mwenendo wote wa kesi umefutwa. Anayedai haki yake aanze upya.

Tulipotoka, kijana mmoja wa mama mdogo alimwambia mama yake, "Hukumu ya mama mkubwa imefutwa!" Mama mdogo akapiga kigelegele pale pale uani, mpaka askari akamnyamazisha. Mama alinishika mkono, akamgeukia wakili wetu.

"Kwa hiyo kashinda yeye?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyeshinda. Ni kama kesi haijawahi kusikilizwa."

"Mzee aliyeshuhudia baba akitugawia mipaka amekwisha kufa," mama alisema. "Nitamwita nani?"

Tulirudi sote kwa basi moja. Mama mdogo huchafukwa na safari, na tulipopita Mikumi akaanza kutapika. Wanawe walikuwa viti vya mwisho, mmoja amelala, mwingine yuko na simu yake. Mama alinyanyuka bila kuniaga, akaenda kukaa kando yake, akamshikia mfuko na kumpangusa uso kwa khanga. Nilisogea kiti cha nyuma yao. Walikuwa wanaongea Kindamba, ambacho nyumbani kwetu mama hakukitumia kwa sababu baba alikuwa mtu wa kuja. Niliambulia machache. Mama alikuwa anasema wagawane, na upande wa mfereji, ambako maji hutuama na mpunga hustawi, achukue mdogo mtu.

"Tutaongea, dada," mama mdogo alijibu, kichwa chake kikiwa begani kwa mama.

Nilishuka Ifakara nikiamini yamekwisha.

Hayakwisha. Mama alipiga simu, haikupokelewa. Mvua zikaanza, na mwenyekiti wa kijiji akawakataza wote wawili kutia jembe. Majirani walipokuwa wanapandikiza, shamba la babu liliota magugu hadi kiunoni. Kisha ukaja wito wa baraza la kata: mama mdogo ameanza kudai upya.

Siku hizi baraza la kata haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu, na lazima uanzie huko. Tukaenda Mchombe. Mzee aliyeongoza kikao aliwauliza kama wanaweza kupatana.

"Mimi nilishasema kwenye basi," mama alijibu. "Tugawane."

Mama mdogo alimtazama mwanawe mkubwa. Kijana akatikisa kichwa.

"Hatupatani," alisema mama mdogo, kwa sauti ndogo hata mzee akamwomba arudie. Akarudia. Wakaandikiwa kwamba usuluhishi umeshindikana.

Njiani kurudi mama hakulitaja shamba. Alisema tu, "Angekataa kwa moyo wake mwenyewe, nisingeumia hivi."

Kesi imerudi baraza la ardhi, na mama bado anatafuta shahidi. Mwezi uliopita binti wa mama mdogo aliolewa. Habari tulizipata kwa muuza samaki aliyetoka huko. Mama alimlipa, akaingia ndani, na samaki wale nikawatengeneza mimi.