Kadi ya Single na Kadi ya Double

“Sasa hiyo kadi inakuingiza wapi?”

Bibi aliniuliza hivyo sebuleni kwetu Lemara, likizo ya mwezi wa sita, akiwa bado amesimama na mkoba kwapani. Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu, niliyewahi kumuuliza mwalimu wa Sunday School kama gharika iliwadhuru samaki, niligeuka kuitazama kompyuta kana kwamba ingenisaidia kujibu.

Enzi zetu. Mama huangua kicheko kila nikitamka maneno hayo. Anasema mtu anayeombwa kitambulisho kila mahali hana enzi. Lakini wewe uliyekulia Arusha kipindi kile unanielewa. Unakumbuka baridi ya mwezi wa sita, sweta la shule likivaliwa hadi kitandani, na mlima Meru ukijifunika mawingu kama mgonjwa asiyetaka wageni. Unakumbuka kukwepa mpira kwenye rede mpaka magoti yawe meupe kwa vumbi, na loshoro ya moto, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, iliyokuachia masharubu ya mtindi. Na kama kwenu kulikuwa na kompyuta ya mezani, unakumbuka ile heshima yake: kitambaa cha kufuma juu ya skrini, kingine juu ya boksi lake, na onyo la Mama kwamba atakayeigusa na mikono ya maandazi atahamia kwa kuku.

Nyumba yetu na ya baba mkubwa zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Kompyuta zetu zilikuwa pacha, zimenunuliwa pamoja kutoka ofisi iliyokuwa inabadilisha vifaa, na zote mbili ziliganda kwenye gemu kama mbuzi aliyeona gari. Ndipo baba mdogo Anaeli, aliyekuwa dereva wa watalii, akarudi kutoka Nairobi na maboksi mawili ya kadi za picha. Alituambia ni kipande kinachofungwa ndani ya kompyuta ili gemu zikimbie bila kukwama. Akazifunga mwenyewe, kwetu na kwa baba mkubwa, bisibisi mdomoni.

“Msiniulize maswali,” alisema akinitazama mimi peke yangu. “Huu ni utaalamu.”

Kadi yangu ilikuwa na feni moja na kumbukumbu ya giga nne. Ya Godlisten, mtoto wa baba mkubwa, ilikuwa na feni mbili na giga mbili. Basi vita vikaanza.

“Giga nne na kafeni kamoja? Si zitaiva humo ndani!” alisema Godlisten.

“Na feni mbili zinapuliza nini, giga mbili? Hiyo siyo kompyuta, ni saluni.”

Tulilinganisha mpaka maboksi. Langu lilichorwa joka, lake roboti. Lake lilikuwa pia na mstari wa maandishi madogo uliosema kumbukumbu yake ni ya aina mpya, yenye kasi zaidi. Niliuhoji mstari ule vikali. Nani kaupima? Kwa nini umeandikwa kwa herufi ndogo kama ni kweli? Niliamua ni mapambo. Mstari uliosema giga nne sikuuhoji kabisa, kwa sababu ulikuwa wangu.

Kwa kuwa feni yangu ilikuwa moja na zake mbili, tukaziita kadi zetu single na double, kama kadi za harusi: single ya mtu mmoja, double ya mtu na mwenzake. Halafu tukawekeana dau. Jumamosi tungecheza gemu moja ya magari kwenye kompyuta zote mbili. Ilikuwa na namba kwenye kona, ikionyesha inatoa picha ngapi kwa sekunde. Yenye namba kubwa ndiyo mshindi. Atakayeshindwa angemwamkia mwenzake shikamoo mpaka shule zifunguliwe, Jumapili mbele ya kanisa ikiwemo. Nilimzidi Godlisten miezi michache, na miezi ile niliilinda kama cheo. Kumpa shikamoo mtoto ambaye bado alivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia? Sikulala vizuri.

Katikati ya wiki Bibi alipiga simu kutoka Nkoaranga, nikapokea mimi.

“Bibi, shikamoo. Kadi zimefika! Godlisten kapata double, mimi nimepewa single.”

Akauliza taratibu, “Na yangu?”

“Wewe hujaletewa, Bibi. Baba mdogo Anaeli alileta mbili tu.”

Simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao.

Baba mdogo alikuwa mtu mzima asiye na mke, na Bibi alikuwa amemwombea mke katika kila ibada. Jumamosi asubuhi Bibi akatokea getini amevaa kitenge kipya, nyuma yake mkungu wa ndizi begani mwa kijana wa bodaboda.

“Anaeli, unaoa kwa kujificha? Mimi mama yako?”

“Mama, sioi.”

“Na kadi? Watoto mmewapa, mpaka double, mimi hakuna! Nimeshawaambia akina mama wa kwaya. Wameshachagua sare!”

Baba mdogo alijaribu kueleza, akazidi kuharibu. Mama alikimbilia jikoni kucheka. Ndipo Bibi akanigeukia na lile swali: kadi hiyo inakuingiza wapi?

“Inaleta picha, Bibi,” nilisema.

“Jana hazikuwepo?”

“Zilikuwepo. Sasa zinakuwa nzuri zaidi.”

Akavaa miwani, akaisogelea skrini. “Mimi naona ni zilezile.”

Tukamhurumia kwa macho yake.

Shindano likaanza. Kwetu, namba kwenye kona ikasimama kumi na tisa. Tukatimua mbio kupitia upenyo wa ua, Bibi akifuata na kitenge chake kikinasa kwenye michongoma. Kwa baba mkubwa: kumi na tisa. Tukarudia. Kumi na tisa, kumi na tisa. Kadi mbili tofauti, feni tofauti, giga tofauti, namba ileile! Nami ninayehoji mpaka mapovu ya sabuni, nilichouliza ni kimoja tu: sasa nani anamwamkia nani?

“Bibi aamue,” alisema baba mdogo, akifurahi kwamba mada imehama kwenye harusi.

Bibi hakufikiri sana. “Double ndiyo kadi ya heshima. Anayekupa single anataka mwenzako abaki nyumbani.”

Hukumu ikapita. Niliinamisha kichwa na kutamka shikamoo ndogo kama sisimizi.

“Marahaba, mjukuu wangu,” alijibu Godlisten kwa sauti ya askofu. “Masomo yanaendeleaje?”

Jumapili, kanisani kwa Bibi kule Nkoaranga, Godlisten alinifanya nirudie mara mbili, eti hakusikia vizuri, kwaya nzima ikitazama. Walikuwa na hasira ya sare za harusi isiyokuwepo.

Siku hizi watoto wa ukoo wanacheza gemu kwenye simu, shingo zimepinda kama mabomba ya sinki. Wakibishana kuhusu kadi mbili, wanaiuliza simu, inawajibu kabla mate hayajamezwa, na ubishi umekufa. Wako sahihi muda wote, maskini. Hakuna anayekimbia kupitia ua, na ua wenyewe siku hizi ni ukuta. Bibi hayupo tena wa kuamua. Baba mdogo alioa hatimaye, na Godlisten bado huniitikia marahaba hata nisipomwamkia.

Mwaka huu Mama alitaka stoo isafishwe. Nikaivuta kompyuta ile, nikaigeuza mgongo kutafuta buibui, nikaona waya wa skrini. Ulikuwa umechomekwa juu, kwenye tundu la kompyuta yenyewe, si chini kwenye tundu la kadi. Nikaenda kwa baba mkubwa, nikaigeuza na yao. Vilevile. Muda wote ule kadi zetu zilikuwa zinazungusha feni tu. Hakuna picha hata moja iliyowahi kupita ndani yake.